Alichoniambia Kaka Yangu Kando ya Maji

Kaka yangu aliniomba nimtembelee Australia kwa miaka kumi na saba, na kwa miaka kumi na saba sikukosa sababu ya kutokwenda. Mama mgonjwa. Binti yangu mdogo. Kazini hawanipi likizo ndefu. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini sababu hasa ni kwamba nilikuwa na hasira naye. Yeye ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika familia yetu, na alituacha mimi na mama tufike London peke yetu, Woolwich, ghorofa ya nne, yeye akaenda kuishi upande wa pili wa dunia. Mama alipofariki hakuja hata kumzika. Alipiga simu, akalia, akasema, "Siwezi, mdogo wangu. Nisamehe, siwezi." Nikamwambia haidhuru. Nilimdanganya.

Inafaa nieleze tulivyofika huko. Baba alikuwa karani wa serikali kule Unguja. Hakuwa mtu mkubwa, lakini yalipotokea Mapinduzi jina lake lilitajwa, na akaambiwa ajifiche. Alijificha nyumba ya jirani, mwanamke aliyeishi na mumewe, katika chumba cha nyuma walimokuwa wakiweka magunia. Mimi nilikuwa na miaka sita, kaka yangu kumi na miwili. Siku ya tano watu walikwenda wakamtoa mle ndani, wakaondoka naye. Hakurudi. Wala hatukuonyeshwa kaburi.

Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba jirani ndiye aliyemtoa, kwa kuwaambia alipo. Halikuwa jambo la kubishaniwa. Tulilijua kama tunavyojua kibla kiko wapi. Mama alituhamishia Mombasa kwa dada yake, na miaka ilivyokwenda tukafika London. Kaka hakuja nasi. Alipotimiza miaka kumi na minane alipata kazi melini, akashuka bandari hii na ile, mwisho akashuka Darwin, kaskazini ya Australia, na hakupanda tena.

Jirani naye alifika London, kama wengi wetu. Mara moja tulikutana. Ilikuwa harusini, katika ukumbi mmoja wa Hayes, magharibi ya London, na yeye alikuwa bibi kizee tayari, mjane, kavaa buibui la zamani. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Alikuja polepole baina ya meza, akaninyooshea mkono, akasema, "Mwanangu, hujambo? Mama yako yu mzima?" Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya biriani kwa mkono mmoja. Nikaishika kwa mikono miwili. Watu waliona. Yeye alisimama kidogo na mkono wake ule mbele, kisha akaurudisha ndani ya buibui, akasema, "Haya mwanangu," akarudi kitini. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama kwa fahari. Mama akasema, "Umefanya vyema."

Miaka miwili baada ya mazishi ya mama, kaka alinipigia kuniambia madaktari wamemwambia moyo wake umechoka. Hakuniomba niende safari hiyo. Alitoa habari tu. Ndiyo iliyonifanya nikate tiketi.

Nilikwenda maduka ya Waarabu ya Edgware Road kumnunulia halua, kahawa na ubani, na nyumbani nikampikia achari ya embe, chupa mbili. Achari haikufika. Askari wa forodha uwanja wa ndege wa Darwin alizinusa zile chupa, akanitazama kwa huruma ya kweli, akazitupa kwenye pipa. Halua alinirudishia. Nikatoka nje nikiwa nanuka siki, na kwenye kundi la watu wanaosubiri nikamwona mzee mwembamba kaegemea fimbo. Nilikuwa naijua sauti yake kuliko uso wake. Tulikuwa hatujaonana tangu mimi msichana wa skuli.

"Umekuwa mama mtupu," alisema. Akajifunika uso kwa kiganja.

Alikuwa na mtu wa pili pembeni yake, mwanamke wa makamo mnene, nywele nyeupe, miguu chini haina viatu. Huyo alikuwa shemeji yake, dada wa marehemu mkewe. Kaka alioa katika wenyeji wa asili wa nchi ile, Waaborijini, na mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimezungumza na huyo mkewe kwenye simu mara tatu nne, nikiwa sina la kusema. Nilimpa shemeji pole kwa kumtaja marehemu kwa jina. Kaka akanigusa bega. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba kwao jina la maiti halitajwi, mpaka upite muda mrefu. Nikaona haya. Yule mama akanicheka kidogo, akanichukulia sanduku.

Kwa siku mbili tulikaa nyumbani kwa kaka, chini ya feni, tukila mkate na samaki. Siku ya tatu shemeji alikuja na gari refu la kwendea porini, mahema matatu juu yake, maji, mchele, jiko la gesi. Alisema hawezi kuniacha nirudi London bila kuona nchi ya watu wake. Nilimtazama kaka, fimbo yake na miguu yake iliyovimba. Akasema, "Mimi nakwenda. Nimekungojea wewe ndiyo twende."

Tuliendesha nusu siku. Udongo mwekundu, mikaratusi, vichuguu vya mchwa vilivyonizidi kimo. Kaka alikaa mbele akinionyesha kila kitu kama kwamba alikipanda yeye. Sijawahi kumwona mtu aliyefurahi hivyo, na kwa saa chache nilisahau kwamba nilikuja na hasira.

Tulipofika pahali pa kupiga kambi, shemeji hakushusha kitu. Alisogea mbele peke yake mpaka kwenye miti, akapaza sauti kwa lugha yake, maneno marefu, huku akituonyesha sisi kwa mkono. Nikamuuliza kaka anazungumza na nani, maana mtu simwoni.

"Anawapigia hodi wazee wake waliotangulia," akasema. "Anawaambia kaja na wageni, wasitudhuru."

"Na wewe uliwahi kupigiwa?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Mke wangu ndiye aliyenipigia. Nililia siku hiyo. Hakuna mtu aliyekuwa amenibishia hodi pahali popote tangu nitoke kwetu."

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulipanda kwenye mwamba. Si mbali, lakini kaka alipumzika mara sita. Juu kuna jabali kubwa lililoinama kama kibaraza, na chini ya kile kibaraza ukuta mzima umejaa picha. Kuna samaki waliochorwa na miiba yao ya ndani ikionekana, kama daktari amewapiga picha. Kuna kangaruu. Kuna viganja vya mikono, vikubwa na vidogo. Shemeji alinieleza kwamba mtu hubandika mkono wake mwambani, kisha udongo wa rangi ukapulizwa kwa mdomo, na mkono ukitolewa alama inabaki. Vingine vilikuwa vya watoto. Nikataka kupima changu, akanizuia kwa upole. "Tazama kwa macho," alisema.

Mbele kidogo palikuwa na meli. Meli ya wageni, milingoti yake, kamba zake, hata nanga. Nilishangaa kuikuta huko juu ya mawe, mbali na bahari.

"Wazee wangu waliwaona wakija," alisema shemeji. "Wakarudi hapa, wakachora walichokiona. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu anayeweza kutuambia leo kwamba haikuwa hivyo."

Kaka alikuwa amekaa juu ya jiwe. Jasho lilikuwa linamtoka, na mimi nikadhani ni moyo. Nikampa maji. Hakunywa. Aliitazama ile meli muda mrefu mpaka nikamwambia, "Kaka, tushuke."

Njia ya kurudi inagawanyika mbili, na nilipotaka kushika ya kushoto shemeji akasema kule hatuendi. Nikauliza kuna nini. "Kuna picha nyingine, lakini hizo si za kila mtu." Akatangulia njia ya kulia. Jioni nilimpikia wali na samaki wa mkebe, akala vijiko viwili, akaingia hemani kwake.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye maji. Mvua za huko zikinyesha, mto hufurika ukaacha nyuma yake mabwawa na vinamasi kwa maili na maili. Mayungiyungi yameenea juu ya maji mpaka jicho linapoishia, maua yake ya waridi yamesimama juu ya vijiti virefu. Ndege ni wengi hata huwezi kuwasikia mmoja mmoja. Mabata bukini weusi kwa weupe, korongo, ndege wadogo wenye vidole virefu wanaotembea juu ya majani bila kuzama. Mamba alikuwa amelala ukingoni kinywa wazi, na shemeji alituonyesha tusipite mstari wa miti. Akatukalisha kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu kwa ajili ya watazamaji, akatumiminia chai ya chupa, akasema anakwenda kuzungumza na binamu zake waliokuwa wakivua upande wa pili.

Tulibaki mimi na kaka.

"Sikuja kumzika mama," alisema.

"Hayo yamepita."

"Hayajapita. Nisikilize, usinikatize, maana nikikatizwa sitaweza tena." Alikiweka kikombe chini. "Jirani hakumtoa baba. Mimi ndiye niliyemtoa."

Sikufahamu. Nilidhani maradhi yamemfika kichwani.

"Nilikuwa nampelekea chakula kila siku, unakumbuka? La, hukumbuki, ulikuwa mdogo. Siku ile nilipokuwa narudi na sahani tupu, nilikutana na kijana wa mtaa wa pili. Yule aliyenifundisha kuogelea. Alikuwa na wenzake wawili. Hakunitisha, mdogo wangu. Laiti angenitisha. Alinishika bega, akaniambia ofisi imefungwa na ufunguo anao baba, wakubwa wanataka karatasi tu, atakwenda kufungua na kabla ya adhuhuri atakuwa amerudi kwa mama. Akasema baba mwenyewe atafurahi, maana hatakuwa tena na haja ya kujificha. Nikamwamini. Nikawapeleka mpaka mlangoni."

"Na jirani?"

"Jirani alisimama mlangoni akasema hamna mtu ndani. Mumewe akasema hivyo hivyo, wakampiga mpaka akaanguka. Mimi nimesimama pale na sahani mkononi. Baba akasikia, akatoka mwenyewe. Akaniona nimesimama nao. Akafahamu. Unajua aliniambia nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Aliniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi nenda kwa mama yako."

Ndege wote waliruka kwa pamoja, sijui mamba kafanya nini, kisha wakatua tena. Kaka alingoja mpaka sauti zikapungua.

"Mama aliponiuliza nani kamtoa, nilisema sijui. Kesho yake watu wakaanza kusema ni jirani, na yeye aliyeniona pale mlangoni hakunitaja. Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa ngumu kuliko jana. Ndiyo maana nilikwenda melini. Ndiyo maana sikuja London. Ningeweza vipi kukaa na mama meza moja, ananipakulia chakula?"

Nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka mingi. Nimewashika mikono watu wanaokufa, nimewasikiliza wakitaja madhambi yao, na siku zote nilijua la kusema. Lakini pale sikumwona mtoto wa miaka kumi na miwili kashika sahani. Nilimwona yule bibi kizee baina ya meza za harusi, na mkono wake mbele.

"Nilimnyima mkono," nikasema.

"Nani?"

Nikamsimulia. Harusi, biriani, watu waliokuwa wakitazama, mama aliyesema umefanya vyema. Kaka aliinamisha kichwa mpaka kikagusa fimbo. "Ya Rabi," akasema. "Ya Rabi, ya Rabi."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Badala yake nikasema, "Miaka arobaini ulikuwa na simu. Ulimwacha yule mwanamke aliwe nyama na midomo ya watu miaka arobaini." Nikainuka, nikashuka jukwaani, nikaenda kukaa garini, madirisha yamefungwa, katika joto lile.

Shemeji aliporudi alitutazama mmoja hapa mmoja kule, akaturudisha kambini, akafunga mahema peke yake.

Nilikuwa na siku tano zaidi za kukaa Darwin. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpa dawa zake kwa saa zake. Nilimtendea kama ninavyowatendea wazee wa kazini, kwa adabu na bila kukosea. Mara mbili alianza kusema neno, nami nikauliza kama anataka maji. Uwanja wa ndege alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nimekwambia kwa sababu sitaki kufa nalo. Niambie neno moja tu, mdogo wangu."

"Tutazungumza nikifika," nikasema.

Nilifika, na sikuzungumza. Alikuwa akipiga kila Ijumaa, saa za asubuhi kwetu. Binti yangu alikuwa akipokea, maana mimi nilikuwa nikiona namba nikaingia jikoni. "Mama, mjomba," alikuwa akiniita. Nilikuwa nikimwashiria kwa mkono kwamba sipo. Binti yangu ana miaka kumi na saba, kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Ijumaa ya tano aliuziba mdomo wa simu, akaniambia kwa hicho Kiingereza chake, "Lakini upo. Anasikia sufuria zako."

Ijumaa ya tisa simu haikulia. Ilikuja Jumapili, na aliyezungumza ni shemeji. Alisema amekwenda kumpelekea samaki akamkuta kitini, mlango wazi, feni inazunguka. Watu wa msikiti wa pale walikuwa wameshamwosha. Aliniuliza kama nitakuja. Tiketi ya haraka haikupatikana, na maiti hangojwi. Akazikwa bila ya mtu hata mmoja wa damu yake. Shemeji alinisimulia kila kitu, nani alibeba, mvua ilinyesha saa ngapi, na katika mazungumzo yote hayo hakumtaja kwa jina hata mara moja. Kabla ya kukata simu aliniuliza, "Mliwahi kuzungumza?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Alikuwa akiamini utapiga."

Nilikaa wiki tatu bila kujua niendako. Kazini nilivunja vikombe. Mwisho nikauliza watu, nikapata habari kwamba yule jirani amekwisha kufariki, lakini binti yake anaishi Hayes, anafanya kazi ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Nilikwenda Jumamosi. Alinifungulia akiwa bado na fulana ya kazi, na aliponifahamu uso wake ukafunga.

Nilimwambia yote palepale mlangoni, sikungoja kukaribishwa ndani. Ofisi, ufunguo, sahani, baba yake aliyepigwa mpaka akaanguka. Nilimwambia na la harusini. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha, kwa ajili ya mama yangu, kaka yangu, na mimi mwenyewe.

Alisikiliza kaegemea ukuta. "Baba yangu hakusikia tena vizuri sikio la kushoto," alisema. "Tulikuwa tukimpigia kelele. Watu walidhani ni uzee." Kisha akasema, "Mama alikuwa hendi harusini. Ile alikwenda kwa sababu alisikia wewe utakuwepo. Alitaka kukwambia baba yako alikuwa akiswali wapi mle chumbani, na alikuwa akimuuliza nini kuhusu nyinyi."

Nikamuuliza alikuwa akiuliza nini.

"Sijui. Hakuniambia mimi. Alikuwa amekuwekea wewe."

Nikalia mbele yake. Hakunikumbatia, wala hakunifukuza. Alisema, "Nimekusikia, dada. Lakini mkono ule haukuwa wangu, siwezi kukusamehe kwa niaba ya mwenye mkono." Akanipa maji. Nikanywa, nikashukuru, nikaondoka. Tangu siku hiyo hunitumia salamu za Idi, nami humrudishia. Hatujaonana tena.

Nilirudi Woolwich jioni, treni mbili na basi. Binti yangu alikuwa sebuleni na vitabu vyake vya mtihani. Aliuliza nilikuwa wapi, nikaketi na koti langu mwilini, nikamwambia kila kitu kwa Kiswahili, tangu babu yake mpaka mlango wa Hayes. Sikuwahi kumsimulia hata robo yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Sehemu alizokuwa hazifahamu alinirudisha nyuma nikazirudia kwa maneno mepesi.

Kisha akauliza kwa Kiingereza, "Mjomba alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Mama," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta neno. "Alikuwa mtoto."

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mtoto."

Neno moja tu aliloniomba kaka, na lilikuwa hilo.